Tupeane uzoefu: ulitibiwaje hospitali ya serikali Uganda bila kujua Kiganda?

Naanza mimi. Nimetoka Bukavu, nafika Kampala, mtoto wa miaka miwili anaharisha. Foleni ya kituo cha afya tangu saa moja asubuhi. Nesi akaniuliza, "Asesema?" Mimi nikasikia "anasema?" Nikajibu kwa fahari ya mama: eeh, anasema sana, hata usiku! Mara ngapi kwa siku? Hahesabiki! Tukatolewa foleni mbio, dripu ikaanza kuandaliwa, mtoto naye kakaa kitandani anadai biskuti. Askari wa getini, mzee aliyepita jeshini, ndiye aliyetuamua: Kiganda kusesema ni kutapika. Haya, leteni na zenu.

Mkenya wa Kabalagala
"Hahesabiki" imeniua, dada! Ila ya askari ni kweli tupu. Kiswahili hapa kinakaa jeshini na polisi, kwa hiyo mimi sianzi na mapokezi, naanza na mlinzi. Katiba ilirekebishwa 2005 kiwe lugha rasmi ya pili. Dirisha la dawa bado halijapata habari.

Msukuma
Mimi nilisema "nina olubuto" nikidhani nimesema tumbo linauma. Chumba kizima kicheko. Mwanaume mzima nimetangaza mimba! Semeni "olubuto lunnuma".

Mama Pacha
Kwangu lugha ilikuwa afadhali, ngazi za vituo ndizo zilinitesa. Vituo vya afya vina namba: cha pili ni cha parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa, cha tatu kina maabara na wodi ya wazazi, cha nne kinatakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Mimi na kikohozi changu nikakimbilia hospitali ya rufaa, nikarudishwa nilikotoka, nusu siku imeliwa. Ada zilifutwa 2001, lakini dawa zikiisha unaandikiwa ukanunue duka la nje, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Na daftari la shule, jamani! Ndilo faili lako. Andika humo mwenyewe dawa unazotumia, maana hata mkishindwa kuelewana, daktari atasoma.

Mgeni Ntinda
Samahani wakubwa, kizunguzungu wanakiitaje? Kesho nina kliniki.

Mama Pacha
Kammunguluze.

Mgeni Ntinda
Hilo silitamki, mama. Naliandika kwenye daftari.