Naomba ushauri: ndugu watatu tuandikweje kwenye hati ya kiwanja?

Wanajukwaa, habari za leo. Mimi na wadogo zangu wawili tumenunua kiwanja chenye hati hapa Njiro, Arusha. Mimi nimetoa nusu ya bei, nao wamegawana iliyobaki. Ninavyoielewa Sheria ya Ardhi ya 1999, umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo mmoja akifariki haki yake inabaki kwa aliye hai, ni wa mume na mke, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Kwa hiyo sisi tunaangukia umiliki wa hisa, ambapo fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake.

Hapo ndipo ninapopata hofu, kwa kuwa kule Moshi nimeona kihamba (shamba la ukoo) cha babu kikikatwa vipande hadi migomba ya shangazi ikabaki upande wa pili wa uzio. Sitaki watoto wetu wafike huko.

Je, hisa zetu zisizolingana ziandikwe kwenye hati yenyewe, au mkataba wa pembeni mbele ya wakili unatosha? Na tukikubaliana kwamba anayetaka kuuza fungu lake aanze kwetu, kipengele hicho kitambana mrithi wake? Aliyewahi kuandikisha umiliki wa namna hii, tafadhali anieleze alivyofanya.