Yule muuza dawa wa Ngamiani leo kanivua nguo mbele ya foleni

Wagosi, nina hasira hata salamu sina.

Nimetoka sasa hivi kwenye lile duka la dawa, kwa yule mnayemjua, anayepokea hela macho yako kwenye simu. Nikampa karatasi ya daktari, amitriptilini, dawa ya sonona. Nikasogea dirishani, nikauliza polepole: hii na kahawa ya jioni vinapatana? Akainua kichwa, akapayuka mpaka Horohoro wakasikia: "AAH, HIVI VYA VICHAA? Unakula vya vichaa na kahawa unataka?"

Vya vichaa! Foleni nzima ikageuka. Nyuma yangu kasimama mama wa binti tunayemposea mdogo wangu. Barua tunapeleka Jumamosi.

Na swali langu lilikuwa la maana. Daktari alinieleza: tangu unaamka, ubongo unalimbikiza kemikali iitwayo adenosini, inakaa kwenye vipokezi vyake, ndiyo inayokuvuta ulale. Kafeini ya kwenye kahawa inawahi viti hivyo, adenosini inabaki imesimama. Tena dawa hii, kwa panya wa maabara, sehemu ya kazi yake ya kutuliza maumivu inapitia kwa adenosini hiyo hiyo. Wakipewa kafeini, nafuu inapungua. Mimi nina sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, na kijiweni nakunywa vikombe sita. Nimuulize nani, muuza kashata?

Nikajibiwa vya vichaa. Kwa sauti ile. Mama wa watu kashika dawa yake ya kikohozi, kaduwaa.

Barabara ya 12: Huyo huyo! Mimi nilinunua pamba tu, akaniuliza mbele ya watu kidonda kiko wapi.

Mvuvi wa Sahare: Mgosi, vikombe sita usiku? Wewe hata bila vidonge ungehesabu mabati mpaka alfajiri 😂

Mwenye uzi: Usingizi sikuulalamikia. Nimesema VYA VICHAA. Soma.

Nesi wa zamu: Mwacheni, kauliza vizuri. Kuna dawa nyingine ya sonona, fluvoksamini, inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Kwa kawaida nusu ya kafeini inatoka mwilini kwa kama saa 5. Ukiwa unatumia hiyo inaweza kupita saa 30. Kahawa ya Jumatatu, Jumatano bado unayo. Yake si hiyo, lakini alistahili kujibiwa, tena kwa faragha.

Mvuvi wa Sahare: Saa 30! Hiyo ningepewa mimi ningevua bila kulala.

Nesi wa zamu: Usithubutu.

Bi Mkubwa Chumbageni: Pole mwanangu. Ila duka lile mimi ugomvi wangu chenji. Kila siku pipi. Nina sukari, pipi nipeleke wapi?

Barabara ya 12: Bora pipi Bi Mkubwa. Kashata za kijiweni siku hizi nyembamba, ukiinua unamwona jirani.

Mwenye uzi: Jamani, mama wa binti kasikia VYA VICHAA.

Muuza kashata: Nani kasema nyembamba? Nazi mnajua bei yake?

Bi Mkubwa Chumbageni: Nazi nina shemeji Pangani, anauza jumla.

Mwenye uzi: Na barua ni Jumamosi!

Muuza kashata: Subiri kwanza mgosi. Bi Mkubwa, mia anauzaje?