Ndoa ya kimila, mtoto, kazi mpya: nianzie wapi kurekebisha taarifa NSSF?

Binti_Njiro: Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanachama wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), nafanya kazi hotelini hapa Arusha. Nilipoandikishwa sikuwa nimeolewa, kwa hiyo wategemezi niliowajaza ni wazazi tu. Sasa nina ndoa ya kimila (mahari imeshatolewa, kanisani bado), mtoto wa miezi mitano, na mwezi ujao naanza kwa mwajiri mwingine Moshi. Natamani pia kutumia jina la mume. Nianze na lipi, na nyaraka zipi?

Utumishi_Kaskazini: Hongera kwa mtoto, dada. Anza na jina, maana hilo likikaa vibaya mengine yote yanakwama. Na kwanza jiulize kama unalihitaji kweli: hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke kubadili jina akiolewa. Ukibaki na la baba umejipunguzia mizunguko mingi.

Ukiamua kubadili, wakili anakuandalia hati ya kubadili jina (dipoli), inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo uende NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa). NIDA wakishabadilisha, nenda benki, halafu NSSF, mwajiri awe wa mwisho. Wengi wanaanzia kwa mwajiri. Michango inaanza kuingia kwa jina jipya huku mfuko na NIDA wana la zamani, na siku ya kudai mafao unaonekana watu wawili. Kiapo kinasaidia tofauti ndogo, kama jina la kati lililoandikwa herufi moja tu. Jina jipya la ukoo linataka dipoli.

Ukiwa hapo, tazama namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na tarehe iliyoko NSSF. Zikipishana, rekebisha sasa, kwa sababu umri wa kustaafu, 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, unahesabiwa kutoka hapo.

Mwajiri mpya mpe namba yako ileile ya uanachama, usikubali kuandikishwa upya. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Ikigawanyika kwenye namba mbili, kila moja itaonekana pungufu hadi ziunganishwe. Mshahara wa kwanza ukitoka, omba taarifa ya michango uone kama imefika: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10.

Wakili_Moshi: Mimi nakazia ndoa, maana huku kwetu ndipo wajane wanapoumia. Mahari si cheti. Ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, lakini isajilini kwa msajili wa ndoa wa wilaya mpate cheti. Bila hicho, mmoja akifariki, aliyebaki anaegemea dhana ya ndoa ya kifungu cha 160: mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii inawajua kama mke na mume. Dhana hiyo inathibitishwa mahakamani, na mashemeji wanaweza kuipinga. Kesi inaburuzwa huku mtoto anadaiwa ada.

Kwa mtoto, tangazo la kizazi la hospitali halitoshi, chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo). Kagua jina lako humo, majina matatu, herufi kwa herufi kama NIDA. Ukibadili jina baadaye, cheti kitabaki na la zamani, hivyo nakala ya dipoli ikae faili moja na cheti hicho daima.

Na kwa anayesoma hapa akiwa ameachana: talaka iliyoandikwa msikitini au barua ya baraza la usuluhishi haikuondolei mwenza kwenye kumbukumbu za mfuko. Inatakiwa amri ya talaka ya mahakama.

Binti_Njiro: Asanteni sana. Wazazi niwafute?

Utumishi_Kaskazini: Hapana, ongeza mume na mtoto. Nani anatangulia inaamuliwa na sheria, orodha yako inausaidia mfuko kuwapata. Weka na namba zao za simu zinazopatikana. Peleka nyaraka halisi pamoja na nakala, na nakala yako ya fomu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baadaye rudi uombe kuonyeshwa majina kwenye mfumo, kwa sababu fomu inaweza kupokelewa mezani na isiingizwe.