Mrejesho: punda wangu aliyekuwa karibu kuzaa

Wakuu, salamu. Niliomba ushauri kuhusu punda wangu jike, maana mimba iliyopita mtoto alifia kwenye njia ya uzazi, mguu umekunjwa nyuma. Kazaa dume, mzima, ila haikuwa mteremko.

Chupa ilipasuka usiku wa manane. Nikaona kwato moja na pua, basi. Kwa kawaida unatarajia miguu yote miwili ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, nyayo za kwato zikitazama chini, pua imelala juu ya magoti. Aliyenishauri nisivute, bali nimsimamishe na kumtembeza polepole, Mungu akubariki. Akitembea hasukumi sana. Daktari wa mifugo alipofika alinawa hadi begani, akapaka mafuta ya kulainisha, akamrudisha mtoto ndani kati ya msukumo na msukumo, kisha akaifunika kwato kwa kiganja isichane mfuko wa uzazi, akaunyoosha mguu. Mtoto akatoka.

Na wale mlionibishia nilipoomba ushauri, mkasema nisiwe na haraka kwa kuwa "ng'ombe husubiriwa hata saa nzima": punda na farasi si ng'ombe jamani! Chupa ikipasuka, mtoto awe nje ndani ya nusu saa hivi. Mkiona mfuko mwekundu umetangulia badala ya mweupe, pasueni papo hapo, maana kondo la nyuma limeshaachia na mtoto anakosa hewa.

Kondo lilitoka kabla ya saa 3 kupita tangu azae, daktari akalitandaza chini kukagua kama limekamilika. Dogo alisimama upesi. Shida ni mama, anatekenywa na kunyonywa, anarusha mateke, bado namshikilia.