Smatiwochi imeingia maji: muchele, silika geli ao jua?

Nyota_Himbi: Bandugu wa Goma, jambo. Asubuhi nilienda chota maji ku ziwa, nikasahau kutosha saa ku mukono, nikazamisha kibidoni mpaka kikajaa na saa ikazama pamoja nacho. Sasa chini ya kioo kuko ukungu kama vile mutu amepumua ndani, na sauti inatoka kama ya mutu mwenye mafua. Kaka yangu anasema nitie mu muchele, jirani anasema jua, mi niko na vipakiti vine vya silika geli, vile vinatokaka mu karto za viatu. Njia gani njo ya muzuri? Hii saa mutoto wangu alinitumia na mushahara wake wa kwanza, sitaki ife.

Fundi_Birere: Dada, umeizima? Usiiweke ku sharije hata ikibaki asilimia 2, tafazali. Saa nyingi zenye zinafika kwangu zimekufa, haziuawi na maji, zinauawa na umeme wenye ulipita mu maji. Vile vidoti vya kushariji nyuma vinakuwa kijani, ukikwangula unatoka unga, na ndani ni vilevile. Tosha mukaba, panguza na kitambaa kikavu, tundu la sauti liangalie chini. Muchele hapana. Unavuta unyevu kidogo tu, na vumbi yake inaingia mu tundu la mikro. Mwaka 2024 Apple yenyewe iliambia wenye iPhone wasitie simu mu muchele.

Nyota_Himbi: Ee papa, ilikuwa tayari mu muchele!! Nimeitosha, nimeizima.

Wa_Kadutu: Jua mi nilijaribu hapa Bukavu, niliweka yangu juu ya bati kutoka saa sita mpaka saa nane, ukungu ukatoka nikafurahi, jioni naangalia kioo kimeinuka pembeni, gundi imelegea mpaka ukucha unapita. Mvua ya kwanza ikaingia yote. Seshuari pia ni moto uleule, na batri haipendi joto.

Mama_Ibanda: Mi nachagua silika, lakini vipakiti vine mu sahani wazi ni bure, vitakunywa unyevu wa nyumba nzima. Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kukaza, tia saa na vipakiti, funga siku mbili, usichungulie. Na vikiwa vilikaa wazi miezi, vimeshashiba, omba vingine ku wauza viatu. Kuiacha ku meza na vantilateri inafaa mu kiangazi, lakini huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 9 inafika wa 5, hewa yenyewe iko mbichi.

Pwani_ya_Kivu: Kama ni Apple Watch, kuanzia Series 2 kuko kazi ya kufunga maji, ukizima ile kazi, saa inapiga sauti yenye inasukuma matone kutoka mu spika. Inasaidia spika tu, ukungu wa chini ya kioo haiugusi.

Nyota_Himbi: Hapana, ni ya bei ya chini, ila nyuma imeandikwa 5ATM, si ni mita 50?

Fundi_Birere: Ni nguvu ya maji yenye kutulia ya mita 50, na saa ikiwa mupya. Sabuni, jasho, kuanguka, vyote vinachosha ile mpira ya ndani yenye inazuia maji. Ukungu ukibaki siku ya tatu, peleka kwa fundi aifungue na kusafisha na alkoli ya isopropili, uliza bei mbele. Na ikishafunguliwa, ku ziwa hapana tena.

Nyota_Himbi: Siku ya tatu leo. Nilipata vipakiti saba, kopo nililifunga na skochi. Kioo ni safi! Nimeiwasha, inahesabu hatua, sauti bado ina mafua kidogo. Naiacha mu kopo usiku moja tena mbele ya kushariji. Aksanti sana, na mutoto nimemuambia ukweli wote.