Kama gari ni nzima, kwanini mnakataa fundi wangu aiguse? Wauza magari mmezidi sasa

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nataka muuza magari yeyote anijibu kitu kimoja tu: kama hiyo gari ni nzima kama unavyojiapiza, fundi wangu akiinama akaangalia chini yake wewe unapungukiwa nini? Maana nimezunguka yadi na shoruum, zile za vioo na kiyoyozi na zile za vumbi, na wimbo ni ule ule, "bosi magari yetu yote yameshakaguliwa". Yamekaguliwa na nani? Na wewe mwenyewe unayeuza! Mtahini na mtahiniwa ni mtu mmoja halafu mimi niletewe matokeo nishangilie.

Kisa chenyewe ni hiki. Gari nimeiona kwenye tangazo, picha kali, maelezo matamu, kilomita elfu 62, mmiliki mmoja, mama mtu mzima alikuwa anaendea kazini na kurudi. (Hivi huyu mama mtu mzima ana magari mangapi jamani, kila gari mbovu ilikuwa ya kwake.) Nikapiga simu, njoo bosi, gari ipo, inagombaniwa. Nimefika naweka mkono juu ya boneti, ya moto. Sasa gari imepaki inasubiri mteja, imepata moto kwa safari gani? Wanaojua wanajua, injini yenye matatizo inajisema yenyewe ikiwashwa ya baridi, ndo utasikia kugonga, ndo utaona moshi, ndo utajua kama inahangaika kuwaka. Wakishaipasha mapema wewe unakuta inanong'ona tu unaambiwa sikia hiyo injini bosi, sikia. Nikasema izimeni nitasubiri ipoe, jamaa akacheka kama nimetania. Sikuwa natania.

Testi draivu nayo usanii mtupu. Taa ya mafuta inawaka, kwahiyo "tusiende mbali isije ikatuzimikia", tunazunguka kona tunarudi, redio imefunguliwa sauti juu na yeye anaongea bila kupumua. Nikizima redio anaiwasha. Nikikaa kimya nisikilize shokapu anaanza kuniuliza nina watoto wangapi. We kaka acha nisikilize gari!

Halafu sasa hebu niwaonyeshe hizo kilomita elfu 62 kwa karibu. Raba ya pedali ya breki imelika upande wa kulia mpaka chuma kinachungulia. Ngozi ya usukani pale juu unaposhika imekuwa laini inateleza, mishono imefutika. Kiti cha dereva ule ubavu wa kuingilia umelala kabisa, sponji imekufa, wakati kiti cha nyuma ni kama hakijawahi kukaliwa. Namuuliza jamaa hii pedali vipi, ananijibu mama alikuwa anavaa viatu vya visigino. Nikamwangalia tu.

Tairi wakaniambia ni mpya, hata meno hayajaisha. Ni kweli meno yapo, lakini tairi lina umri wake umeandikwa ubavuni, tafuta lile neno DOT na mwishoni kabisa kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Nimechuchumaa naangalia, mbili za mbele hazifanani mwaka na za nyuma, na zote zimepakwa ile dawa nyeusi ya kung'arisha kuficha nyufa. Mpira unakauka hata kama gari imesimama tu, watengenezaji wenyewe wengi wanasema tairi likifika miaka 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Nikamwonyesha kwa kidole, anasema hizo ni namba za kiwandani tu hazina maana. Mtu anauza magari kila siku halafu hajui namba za tairi zinasoma nini? Anajua vizuri sana!

Nikasema sawa, kesho nakuja na fundi. Hapo ndo sura ikabadilika. Eti sera yetu hairuhusu mafundi wa nje. Eti fundi wako anaweza akaharibu kitu. Eti kama unataka fundi basi toa kwanza hela ya kushikilia gari, kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi. Nikauliza hiyo hela inarudi nisipoipenda? "Inarudi bosi, sisi sio wahuni." Kalisema mbele ya wenzake wawili na wote wakaitikia kwa kichwa. Hela imeshapokelewa ndo naletewa risiti, na nyuma ya risiti kwa maandishi madogo ya kukutia upofu imeandikwa gari inauzwa kama ilivyo na malipo ya awali hayarudishwi kwa sababu yoyote. Nikamwambia mbona hii sio tuliyoongea, akasema hiyo ni ya kawaida tu bosi, ni fomu, usiwe na wasiwasi.

Fundi nikaja naye, nimemtambulisha kama shemeji yangu maana ningesema fundi geti lisingefunguliwa. Shemeji kaingia na begi lake, kaanza taratibu. Kafungua mlango kaangalia nati zinazoshika bawaba, rangi imechubuka kwenye pembe za nati, maana yake spana ilishapita hapo, mlango ulishang'olewa. Kaangalia vioo, kila kioo kina alama ndogo ya kiwanda kwenye kona, vyote vinafanana kasoro cha mlango huo huo. Kavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, unajua kule mwisho ambako hakuna mtu anavutaga, hapo tulikuwa tunatafuta tope, gari iliyozama kwenye mafuriko wanaosha mazulia na viti lakini mkanda uliojikunja ndani wanausahau. Bahati mkanda ulikuwa safi. Basi hilo moja walipona.

Ndipo akachomeka skana, ile mashine ya kusoma kompyuta za gari, chini ya usukani. Muuzaji kaja mbio, "shemeji unafanya nini tena?" Shemeji anafanya kazi yake. Kompyuta ya injini ilikuwa imefutwa juzi juzi, vipimo karibu vyote vinasoma havijakamilika. Kwa wasiojua, gari za kisasa zinajipima zenyewe, ukifuta makosa zinaanza kujipima upya na mpaka gari itembee ya kutosha vile vipimo vinakaa hivyo hivyo, kwahiyo gari isiyo na kosa hata moja na isiyo na kipimo hata kimoja kilichokamilika mara nyingi imepigwa deki kabla hujafika. Lakini deki yenyewe waliipiga kivivu, kwenye kompyuta ya breki kulikuwa kumebaki kosa la zamani la sensa ya gurudumu, na gari za aina hiyo zinarekodi kosa pamoja na kilomita ambazo lilitokea. Kilomita 141,000. Kosa la ZAMANI, limetokea kwenye kilomita 141,000, kwenye gari ambayo dashibodi inasema 62,000. Sasa hiyo gari ilitembea kinyumenyume au?

Nikamgeuzia skana asome mwenyewe. Unajua kasema nini? "Hiyo mashine yenu feki." Halafu akaona haitoshi, akasema hata sisi tuliinunua hivyo hivyo. Chagua moja basi! Ama mashine ni feki ama mliuziwa hivyo, haviwezi kuwa vyote viwili.

Na hela? Hairudi, soma risiti. Wale wenzake wawili waliotikisa vichwa hawakumbuki chochote. Meneja simu hapokei, akipokea yuko kikaoni.

Sasa msije mkaniambia biashara ndo zilivyo. Kurudisha kilomita nyuma ni wizi, kuna nchi ni kosa la jinai na watu wanafungwa, Marekani sheria yao ya nchi nzima ya kukataza huo mchezo ni ya mwaka 1972, enzi odometa, kile kipimo cha kilomita, ni magurudumu ya namba yanazungushwa kwa mkono. Leo ni waya na laptopu, dakika chache imekwisha. Na inazuilika kabisa wakuu, Ubelgiji tangu 2006 anayeuza gari iliyotumika lazima ampe mnunuzi karatasi inaitwa Car-Pass, kila gari inapoenda kukaguliwa au gereji kilomita zinaandikwa kwenye kumbukumbu moja, ukirudisha nyuma inaonekana. Hata magari yanayopita minada ya Japani yana karatasi ya mkaguzi, ina daraja la gari, ina kilomita, ina mchoro wa bodi wenye herufi kila penye kovu, A mikwaruzo, U kubonyea, W palipowahi kunyooshwa, na gari ikipewa R badala ya namba ujue ina historia ya kugongwa na kutengenezwa. Aliyeinunua mnadani anaijua hiyo karatasi. Muulize mwenye yadi karatasi ya mnada iko wapi, utaambiwa ilipotea kwenye meli. Meli inapoteza karatasi tu, gari haipotei!

Ndo kinachoniuma zaidi, huyu mtu ANAJUA. Anaijua gari kuliko mimi, kuliko fundi wangu, na mshahara wake unatoka kwenye kuhakikisha mimi sijui. Mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, alishalichambua hili mwaka 1970 kwa mfano huu huu wa magari yaliyotumika, na 2001 akapewa Nobel na wenzake wawili: mnunuzi akishajua hawezi kutofautisha nzima na mbovu anakuwa hataki kutoa bei ya gari nzima, wenye magari mazima wanaondoka sokoni, yanabaki makopo. Kwahiyo hawa jamaa hawaniumizi mimi peke yangu, wanamuumiza hata yule anayeuza gari yake nzima kwa haki, maana na yeye nikimkuta namwona tapeli.

Kitu kingine kilichonikata maini, niliuliza kama eabagi za hiyo gari zimeshaangaliwa kwa chesesi namba, jamaa akasema "eabagi zipo bosi, si unaona pameandikwa." Kuandikwa! Zile eabagi za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inazitengeneza, zilifanya magari mamilioni kwa mamilioni ya kampuni karibu zote kubwa yaitwe kurekebishwa, ile kemikali ya ndani inaharibika taratibu kwa joto na unyevu, siku ya ajali kopo linapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wamekwaruzika tu. Takata yenyewe ilifilisika 2017 lakini magari bado yapo barabarani na bado yanauzwa. Kuangalia ni kuingiza chesesi namba tu kwenye tovuti ya mtengenezaji, na marekebisho huwa ni bure kwa wakala wake. Bure! Na bado mtu hawezi kusumbuka kabla hajakukabidhi funguo upakie watoto.

Na mnaotaka kuniambia ningenunua mpya, tulieni. Huko nako nilipita. Unauliza bei ya gari, unajibiwa kwa swali, "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Mimi nimeuliza BEI. Nikitaja kiasi anachezea kalkuleta anarudi na marejesho madogo mazuri kumbe miezi imetoka 36 imekuwa 72, riba imelala chini kabisa ya ukurasa, na juu yake kuna gharama ya kuandaa gari, dawa ya kulinda rangi, dhamana ya nyongeza, vitu ambavyo havikuwepo kwenye tangazo na ukisema vitoe anaenda "kuongea na meneja" anakuacha na chai ya baridi kwa muda ambao ungetosha kufunga injini. Ile bei ya kwenye bango ni ya gari ambayo haipo, imeuzwa jana, kila siku imeuzwa jana.

Mimi msimamo wangu ni huu na sitoki hapo: muuzaji akikataa fundi huru hajakataa fundi, ameshakupa ripoti ya gari. Hizo stori za sera ya kampuni apelekewe mtoto. Na taa ya cheki injini muitazame ukifungua swichi kabla ya kuwasha, lazima iwake kwanza halafu ndo izime injini ikiwaka, isipowaka kabisa ama balbu imeungua ama kuna mtu kaizima makusudi.

Sasa hivi nimewaandikia barua ya kudai hela yangu, nimeambatanisha picha ya skana inayoonyesha 141,000, picha ya dashibodi, na tangazo lao nililolihifadhi kabla hawajalifuta, na wamelifuta kweli, siku mbili baadaye gari hiyo hiyo imerudi kwa tangazo jipya, sasa ni ya daktari mstaafu. Kilomita bado elfu 62.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu, kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya kushikilia gari wakati risiti imeandikwa hairudishwi? Ulipitia wapi, mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo, na huo ushahidi wa kompyuta ulikubalika au walitaka ripoti yenye muhuri wa gereji? Na nyie wenye yadi mnaosoma hapa kimya kimya, karibuni mnijibu lile swali la juu.