Kadi ya picha haileti kitu kwenye kioo: niitume Dar, ninunue nyingine, au nibadili pawa saplai?

Mwanga_Studio:
Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi hapa Mwanga, Kigoma. Juzi umeme ulikatika, uliporudi mashine ya mezani ikawaka ila kioo cheusi tii. Feni zote zinazunguka, hadi za kadi. Kadi ni GTX 1660 Super, prosesa i5-12400F. Monita na kebo nimezijaribu kwenye laptopu, ni nzima. Kadi nimeichomoa, nikafuta miguu yake, nikairudisha mpaka kile kibanio cha sloti kikalia. RAM nimejaribu moja moja. Wapi!

Naona njia tatu: kuituma Dar ikatengenezwe, kununua iliyotumika Kariakoo, au kubadili pawa saplai. Hela inatosha njia moja, na kuna bibi harusi anasubiri video yake. Mngekuwa ninyi mngeshika ipi?

reli_ya_kati:
Mkuu, chomoa kadi kabisa, kebo ya monita ichomeke kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya mashine). Picha ikija, kadi imekufa, nunua nyingine.

FundiUjiji:
Kwa prosesa hiyo haitasaidia. Zile za Intel zenye F mwishoni hazina sehemu ya ndani ya kutengeneza picha, kwa hiyo kioo kitabaki cheusi hata kama kila kitu ni kizima. Wengi wameshatupa mazabodi nzuri kwa kipimo hicho.

Mwanga, usitoe hela bado. Washa mashine, subiri kidogo, halafu bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, mashine imeamka na shida iko upande wa picha. Angalia pia vitaa vidogo kwenye mazabodi, mara nyingi viko karibu na RAM. Kinachobaki kinawaka ndicho kinakuonyesha ilipokwamia.

Feni za kadi kuzunguka zisikudanganye. Zinaweza kuzunguka huku chipu haipati umeme wake sawasawa. Kadi yako inakula wati 125, sloti hutoa zisizozidi 75, zinazobaki lazima zije na ule waya wa pini 8. Ukiwa na mita, pima waya wa njano na mweusi: iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikiwa nje ya hapo, pawa saplai ina kesi. Ikiwa ndani, bado haijajisafisha, maana inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ikibebeshwa.

Kutuma Dar naiweka mwisho. Ukiituma kadi nzima kwa sababu ya pawa saplai mbovu, umelipa nauli ya kwenda na kurudi bure.

mama_shughuli:
Mdogo wangu, mimi natazama kazi ya mteja kwanza. Tafuta GTX 1050 Ti iliyotumika, zile zisizo na tundu la waya wa ziada. Inakula wati 75 tu, zote kutoka kwenye sloti. Unamaliza harusi, kisha unaiuza au unabaki nayo ya akiba. Usishawishiwe na GT 1030 kwa sababu ya bei. Haina kile kisimbaji cha video, yaani sehemu inayoharakisha kutoa faili la video, utakesha ukisubiri faili litoke.

Na kama monita ni ya VGA, ile plagi ya zamani ya analogi, andaa kigeuzi chenye chipu ndani. Kuanzia toleo la 10 kadi hizo hazitoi tena picha ya analogi, kile kiplagi cha bei chee cha DVI kwenda VGA hakifanyi kitu.

kasulu_gemu:
Kuna video nyingi za watu wanaoioka kadi kwenye oveni na inapona. Mbona hamjaitaja?

FundiUjiji:
Kwa sababu haiponi, ndugu yangu. Risasi ya kulehemu isiyo na madini ya ledi (lead) huyeyuka kwenye nyuzi kama 217, na plastiki za kadi huanza kuharibika kabla haijafika huko. Kinachorudi mara nyingi ni mguso uliolegea ndani ya chipu yenyewe, nao hauchelewi kuachia tena. Mteja akinipa kadi iliyookwa, namrudishia.

Mwanga_Studio:
Asanteni sana. Kwenye mazabodi, taa ya VGA, yaani ya kadi ya picha, ndiyo inayobaki inawaka. Num Lock inaitikia. Volti 12.1. Jirani wa Gungu ameniazima 1050 Ti, picha ikaja mara moja! Naendelea na harusi ya watu. Sasa ile ya kwangu ndiyo imekufa?

mama_shughuli:
Hongera! Maliza kazi kwanza.

FundiUjiji:
Bado usiizike. Hiyo ya jirani haigusi waya wa pini 8, kwa hiyo ulichothibitisha ni kwamba mazabodi, RAM na prosesa ni vizima. Lete mashine yote Ujiji tuijaribu kadi yako kwa pawa saplai yangu ya wati 550. Ikileta picha, badili pawa saplai. Isipoleta, nunua iliyotumika, na muuzaji aiwashe mbele ya mtu wako ikiwa na mzigo wa video, si kioo cha kuanzia tu.

Kebo za pawa saplai yako, kama ni zile za kuchomoa, usizichomeke kwenye yangu. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana hata kama plagi inaingia, na hapo tutaunguza kadi ambayo pengine ni nzima.